Vayolini, Utuombee

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na aliyenivua ni mdomo wangu mwenyewe.

Ndugu zangu Anzelmi na Petro, nawaandikia jua likiwa bado juu, kwa sababu meli ikifika huko Albertville mabaharia watawasimulia, na wao wataitia chumvi. Mimi nawapa bila chumvi. Inatosha ilivyo. Nimekaa nyuma ya duka juu ya sanduku la sabuni, mlango nimeufunga kwa ndani, na kila anayepita barabarani naona kama anakuja kunicheka. Wawili wamekuja kweli.

Mnamkumbuka Felisita, binti wa Mzee Ndayizeye, wale Warundi wa bondeni wanaolima pamba kule Nyakabere. Nimemposa tangu mavuno yaliyopita. Wazee wangu walipeleka pombe, Mzee akainywa, akasema ni nzuri, akafuta mdomo. Tukangoja. Akamgeukia baba yangu mdogo, akasema hivi, maneno yake ninayo kichwani kama yameandikwa:

“Kijana yenu iko muzuri. Iko na kazi mu duka, iko anasali. Lakini iko na mudomo.”

Baba mdogo akasema mdomo unapungua mtu akioa.

“Hapana. Minye niko muntu wa inanga. Nyumba yangu iko nyumba ya kunyamaza. Siku nitamuona amenyamaza mpaka wimbo moja inaisha, mutarudi, tutaongea juu ya ngombe.”

Wimbo mmoja tu! Ninyi mtasema hilo ni jambo dogo. Basi hamjawahi kukaa mbele ya inanga ya Kirundi. Ni ubao ulioinama kama beseni refu, una nyuzi chache, na mpigaji anauweka mapajani. Haimbi kwa sauti. Ananong'ona. Nyuzi zinaguna na yeye ananong'ona juu yake, na watu wote wanabana pumzi, kwa sababu mtu akikohoa tu ubeti mzima umepotea. Nilijaribiwa mara mbili. Mara ya kwanza, katikati ya wimbo, nilisema “vizuri sana.” (Nilitaka kumsifu!) Mara ya pili nilimuuliza jirani yangu kama umeisha. Haukuwa umeisha. Mzee aliweka inanga chini, akaenda kutazama mbuzi.

Sasa njooni upande wa pili wa msiba wangu, yaani Kiingereza.

Mgiriki wetu, mwenye duka, aliletewa sanduku la santuri kutoka Kigoma, na chini ya sanduku, badala ya majani makavu, walikuwa wameweka kitabu cha kuuzia ala za muziki. Kitabu cha Waingereza. Kila ukurasa picha, na chini ya kila picha jina. Mgiriki alitaka kukitupa, nikamwomba. Nilisema moyoni: Kifaransa tunakijua sote, kila karani wa Uvira anakijua, hata mbwa wa ofisini wanaitwa kwa Kifaransa. Lakini nani anajua Kiingereza? Hakuna. Nikijua mimi, nitakuwa mtu wa kutafutwa. Na mtu wa kutafutwa hanyimwi mke.

Matamshi nilipewa na Saidi, mpishi wa meli ya Kigoma. Kila meli ikifunga gati nilikwenda na kitabu, nikamwonyesha picha huku akimenya vitunguu. Hii? Dramu. Hii? Trampeti. Hii kubwa inayosimama kama mlango? Hapu. Hii ya kushika kidevuni? Vayolini. Nikapata fluti, klarineti, banjo, akodeoni, tromboni, na nyingine nyingi. Halafu kulikuwa na watu: singa ni yule anayeimba, dramma ni yule anayepiga dramu, na konducta ni yule anayesimama mbele ya wenzake na kijiti, hapigi chochote, na ndiye anayepigiwa makofi. (Nilimpenda sana konducta. Niliona hiyo ndiyo kazi yangu.)

Shida ilikuwa kuyashika. Nilikariri kama tulivyokariri shuleni, yakaingia asubuhi, yakatoka jioni. Mpaka Jumapili moja tukiwa kwenye litania nikashtuka: mimi nawajua watakatifu makumi kwa makumi, kwa mpangilio, bila kukosea, na hakuna hata mmoja niliyewahi kuona picha yake. Kwa nini? Kwa sababu ya “utuombee.” Neno lile ndilo linalosukuma jina moja ili jina lifuatalo lije. Nikarudi nyumbani, nikachukua rozari, nikaipa kila punje ndogo ala moja, hamsini kamili, na zile punje kubwa nikazipa watu. Nikaanza: Vayolini, utuombee. Trampeti, utuombee. Fluti, utuombee. Kwa wiki mbili yote yakaingia na hayakutoka tena.

Mungu anisamehe. Mimi sikufanya kwa dharau. Ninyi wenyewe mnajua tulivyofundishwa katekisimu: midomo ikisimama, kichwa kinasimama. Katekista alikuwa anapita kati ya mistari akitazama midomo, siyo vitabu, na mdomo usiotikisika ulikuwa unapata fimbo. Mpaka leo siwezi kuhesabu mabati ya duka bila kunong'ona. Siwezi kutafuta jina la mtu bila kunong'ona. Wenzangu wote wa darasa lile wako hivyo. Kumbukeni hilo, ndilo lililonimaliza.

Wiki iliyopita ikaja habari: kuna Mzungu, Mwingereza, anazunguka pande za ziwa na mashine ya kunasa nyimbo. Atashuka Uvira siku moja tu, kisha arudi Kigoma na meli ileile. Mkubwa wa kartie yetu, yaani mtaa wetu wa Rugenge, akauliza watu: nani atamsaidia Bwana huyu, nani anajua Kiingereza cha mambo ya muziki? Ndugu zangu, sikuacha sentensi iishe.

Na hapo nikapata akili nyingine, ambayo asubuhi bado niliiona ni akili. Nikatuma neno Nyakabere, Mzee Ndayizeye aje na inanga yake. Nilijua atakataa. Hakukataa. Felisita aliniambia juzi kwa nini. Kuna wimbo mmoja ambao Mzee aliutunga mama yake Felisita alipofariki. Hajawahi kuuimba harusini wala penye pombe, anauimba peke yake, na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Alimwambia binti yake: “Kama ile mashine inaweza kuuchunga, iuchunge. Minye vidole inakwisha.” Basi alikuwa anakuja kumpa yule Mzungu kitu ambacho hakuwa amempa mtu yeyote.

Leo asubuhi nilivaa koti la baba mdogo. Meli ikafunga, Mzungu akashuka. Mrefu, mwembamba, kofia ya majani, na masanduku mawili ambayo hakutaka mtu ayashike. Watu wote wa Rugenge walikuwa nyuma yangu. Nikasogea, nikavua kofia, nikasema kwa sauti:

“Piano. Gita. Trampeti.”

Akanitazama. Akasema maneno mengi sana kwa Kiingereza, kama dakika nzima. Sikuelewa hata moja. Hakukuwa na ala hata moja ndani yake!

“Orkestra,” nikamjibu.

Akanishika mkono kwa furaha. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, “Leonardi iko anakiongea kabisa.” Ndugu zangu, furaha niliyoipata pale gatini ndiyo deni ninalolilipa sasa.

Bahati nzuri Mzungu alikuwa na Kiswahili kidogo, kile cha kuagiza maji ya moto. “Wapi ngoma? Wapi muntu ya kuimba? Haraka, meli ondoka saa nane.” Kwa hiyo tukaenda. Alifungua masanduku uani, nyuma ya duka la Mgiriki. Ndani mlikuwa na mashine inayokata sahani. Siyo ya kupiga tu kama santuri zetu. Hii inachukua sahani nyeusi isiyo na kitu, sindano inaichimba, na sauti inabaki humo. Ikishachimbwa imechimbwa. Haifutiki. Alinionyesha sahani zilizobaki, akahesabu kwa vidole. Nne.

Wavuvi wetu wa Rugenge wakachukua ya kwanza na nyimbo za kupiga kasia. Ya pili ikaliwa na ngoma. Ya tatu wavuvi wakaidai tena, eti ya kwanza walikuwa hawajapasha koo. Nami, kwa kuwa nilikuwa mkalimani na mtu wa watu, nikamwambia Bwana awape. (Hapa ndipo mtu mwenye akili angeweka sahani moja pembeni. Mimi nilikuwa napungia wavuvi kijiti kama konducta.)

Saa sita gari la pamba likaleta watu wa Nyakabere. Mzee Ndayizeye akashuka na inanga yake imefungwa kwenye kitambaa. Nyuma yake akina mama watano sita wa kanisani, jirani zake, na Felisita na kitenge kipya. Hakunitazama. Kisha alinitazama.

Sahani ilikuwa imebaki moja.

Mzee akakaa kwenye mkeka. Alipogusa nyuzi na kunong'ona kidogo kujaribu, Mzungu akakunja uso, akavaa vile vitu vyake vya masikioni, akageuza kitasa cha sauti. Akageuza tena. Akageuza mpaka mwisho. Kisha akachukua kile kinasa sauti, kidude kama yai la chuma juu ya fimbo fupi, akatafuta mahali pa kukisimamisha. Mguu wa kidude ulikuwa umesahaulika melini; kwa wavuvi kilikaa tu juu ya sanduku.

“Mimi nashika,” nikasema. Nani mwingine angeshika?

Nikapiga goti kando ya Mzee. Kidude kikawa katikati yetu, karibu na nyuzi, karibu na mdomo wake. Na karibu na mdomo wangu, kama mnavyoanza kuona ninyi, lakini mimi sikuona.

Kabla ya kuanza, Mzee aliniambia polepole, wengine wasisikie: “Leo iko siku yako. Wimbo moja.”

“Ndiyo, Baba.”

“Usiseme ndiyo. Nyamaza.”

Nikafunga mdomo. Mkono wa kulia umeshika kidude, wa kushoto nikautia mfukoni. Mfukoni kulikuwa na rozari. Sindano ikashuka. Ua mzima ukazizima. Hata Mgiriki, ambaye hajawahi kunyamaza tangu afike Uvira, alinyamaza.

Mzee akaanza, na nawaambia ukweli, nilijua papo hapo kwamba sijawahi kusikia kitu kama kile. Alikuwa anamwita marehemu kwa jina lake la utotoni. Anamwuliza jembe ameliweka wapi. Anamwambia mvua imekuja na hakuna wa kuanua pamba. Basi, maneno ya nyumbani tu, lakini akina mama wote walikuwa wameinamisha vichwa. Nami nikasema moyoni, leo sitatikisika, leo nitakuwa jiwe.

Lakini tangu nyuzi za kwanza lilikuwa limeshaniingia wazo moja baya.

Wimbo ukiisha, Mzungu ataniuliza hii ala inaitwaje. Wavuvi walikuwa na ngoma, nikasema dramu, yakaisha. Lakini inanga? Inanga ni nini kwa Kiingereza? Nikaitafuta kichwani, sikuiona. Kumi la kwanza la punje zangu, hamna. Watu wote hawa walikuwa wamekuja kwa ajili ya Kiingereza changu, Felisita amevaa kitenge kipya, na mimi nitaulizwa jambo moja tu la maana kwa siku nzima na nitabaki nimekodoa macho. Je, ni hapu? Hapu inasimama, hii inalala. Ni banjo? Banjo ina tumbo. Iko wapi basi? Lazima ipo, punje hamsini zote, haiwezi kukosekana. Nikaanza kuzipitia moja moja mfukoni, kwa kidole gumba, kimya kabisa.

Kimya kabisa. Ndivyo nilivyodhani. Naapa kwa mama yangu nilidhani.

Nilifika punje ya mwisho wakati uleule Mzee anafika mwisho. Sikuwa nimeipata. Nyuzi zikatulia, sindano ikainuliwa.

Mzungu akavua vile vya masikioni. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa, nikafikiri ameguswa. Akachukua kalamu, akaja kwa Mzee, akaonyesha ubao: “Nini jina?”

Nikafungua mdomo. Mzee akanitangulia.

“Inanga,” akasema.

“Inanga,” Mzungu akarudia, akaandika hivyohivyo, herufi sita, akashukuru. Basi! Hakutaka Kiingereza. Hakuwa ametaka Kiingereza tangu asubuhi. Alitaka jina la kitu kwa lugha ya mwenye kitu, na mwenye kitu alikuwepo, ana mdomo wake.

Nikapumua. Na hapo ikaja dakika tamu kuliko zote za maisha yangu, nataka mjue ilikuwepo, msije mkasema sikuwahi kuwa karibu. Mzee alinigeukia. Yeye wakati wa wimbo sikio lake huwa juu ya nyuzi, hasikii kingine. Aliniwekea mkono begani, mbele ya wavuvi, mbele ya akina mama, mbele ya binti yake, akasema:

“Umenyamaza. Minye nimeona. Kesho kutwa bazee yako bakuje.”

Felisita akaziba uso na ncha ya kitenge. Wavuvi wakapiga miluzi. Nikasema, Mungu wangu, asante.

Wakati huo Mzungu alikuwa amerudisha sindano mwanzo. Ni desturi yake, wavuvi wote aliwafanyia hivyo: ukishaimba, unasikilizishwa. Akageuza kitasa, akatuashiria tusogee. Akina mama wa Nyakabere wakakaa karibu kabisa. Mzee akafumba macho amsikie marehemu.

Zikaja nyuzi. Safi, kama ziko mapajani mwako. Kisha kikaja kinong'ono, kikubwa, cha karibu, kimejaa ua mzima:

“Vayolini, utuombee.”

Mzee akafumbua macho.

“Trampeti, utuombee. Fluti, utuombee. Klarineti, utuombee.”

Jamani. Mimi nilikuwa naisikia sauti hiyo na sikuijua. Kwa sekunde nzima nilijiuliza ni mjinga gani huyu. Kisha mkono wangu ukaigusa rozari mfukoni, na nikamjua.

Mzee alikuwemo pia, msidhani hakuwemo. Alisikika huko mbali, nyuma yangu, kama mtu anayeongea nje ya nyumba. Anauliza jembe liko wapi, na mimi najibu tromboni. Anasema mvua imekuja, na mimi nasema akodeoni, utuombee. Kidude kilikuwa karibu nami kuliko yeye. Kitasa kiligeuzwa mpaka mwisho ili kinase kinong'ono, na kilinasa vinong'ono vyote viwili, na changu kilikuwa cha mtu mwenye hofu, kilikuwa na nguvu.

Nikamwambia Bwana azime. Hakunielewa, au hakutaka. Sikuwa na neno la kuzima kwa Kiingereza. Nilikuwa na maneno hamsini na hakuna hata moja la kuzima.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Wale akina mama wa kanisani walikuwa wamekaa mbele kabisa, macho wameyafumba kwa heshima. Wao litania ni damu yao. Kumi la kwanza likapita, wakawa wanatikisa vichwa tu. Kwenye kumi la pili mashine ikasema “mandolini,” na kabla sijatoa neno mle ndani, Mama Verediana, yule mzee kuliko wote, akaitikia kwa sauti ya kanisani:

“Utuombee.”

Na wenzake wakamfuata.

“Banjo.”

“Utuombee.”

“Tuba.”

“Utuombee.”

Waliitikia tano kabla mmoja hajafumbua macho na kuuliza, “Huyu Tuba iko mutakatifu ya wapi?” Hapo wavuvi walianguka. Siyo mfano, walianguka chini, mmoja akavunja kigoda cha Mgiriki. Mgiriki mwenyewe alishika ukuta. Watoto walishaukamata wimbo na wakaanza kuuzungusha uani, na hadi sasa nawasikia kule mtaa wa Nyamianda, umeshafika kule.

Na haikuishia hapo. Kwenye mwanya wa kumi la nne na la tano, mashine ikanong'ona kwa Kiswahili safi kabisa: “Ee Bwana, Mzee asinitazame, bado kumi tu nimpate Felisita.” Hilo sikumbuki kabisa kulisema. Lakini lipo. Limechimbwa. Kisha likaja kumi la mwisho, na baada ya punje ya mwisho, zile nyuzi za Mzee zikiwa zinafifia, zile nzuri, za kuaga, mimi nikasema “Amina.”

Mzungu alikuwa analia kwa kucheka. Alikuwa ameyasikia yote wakati wa kunasa, ndiyo maana ya ule uso wake. Nikamshika mkono, nikamwonyesha sahani, nikamwonyesha Mzee, nikasema, “Tena. Bwana, tena.” Akafungua sanduku, akanionyesha mbao tupu. Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikatazama upande wa wavuvi na sahani yao ya tatu, ile ya koo lililopashwa. Meli ikapiga honi.

Kicheko chote mimi ningekivumilia, Petro, unanijua, nimechekwa tangu utoto. Ambacho sikuweza ni Mzee. Hakucheka, hakukasirika. Aliomba kwa ishara ipigwe tena mahali pamoja, pale mwanzoni. Mzungu akaipiga. Mzee akainama, akaweka sikio karibu na mashine kama anavyoliweka juu ya nyuzi, akajaribu kujisikia mwenyewe chini ya kelele zangu. Alikaa hivyo mpaka watu wakaacha kucheka mmoja mmoja. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama amekufa, alikuwa na wimbo mmoja, umetoka mara moja, na mimi nimeingia humo na tromboni.

Kisha akasimama, akaifunga inanga kwenye kitambaa, fundo moja, fundo la pili.

“Baba,” nikasema, “nilidhani nimenyamaza.”

“Hata minye nilizani.”

“Nirudi lini?”

“Nilikuambia wimbo moja, mwana. Haikufika hata ubeti moja.” Akatafuta fimbo yake. “Bazee yako basikuje.”

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningepata la kujibu, maana mdomo ninao.

Mzungu alikuwa anafunga masanduku. Kabla ya kuiweka ile sahani, aliandika kwenye karatasi yake ya katikati: inanga, kisha jina la Mzee. Halafu akanigeukia mimi. “Wewe jina?” Nikamwambia, maana nguvu za kudanganya sikuwa nazo. Akaandika Leonardi, na mbele yake akaongeza neno moja la Kiingereza. Nikainama kulisoma. Nililijua, ndugu zangu. Ni punje kubwa ya tatu. Singa. Kwa siku nzima hilo ndilo neno pekee la Kiingereza nililolielewa, na lilikuwa uongo.

Basi sahani imekwenda. Itafika Kigoma, itafika kwa Waingereza, itakaa kwenye kabati lao miaka na miaka, na kila atakayetaka kumsikia Mzee Ndayizeye akimlilia mkewe atanisikia mimi nikiomba maombezi ya klarineti.

Watu wa Nyakabere walirudi na gari lilelile. Nilisimama kando ya barabara bila koti, koti nililivua, sikustahili koti. Mzee alipita hakunitazama. Akina mama walipita, Mama Verediana akajifanya anafunga kilemba. Felisita alikuwa wa mwisho kupanda. Alipofika usawa wangu hakusimama, hakugeuza shingo, alinong'ona tu:

“Vayolini, utuombee.”

Na bega lake lilikuwa linatikisika. Nimekaa hapa tangu wakati huo najiuliza kama ni kicheko au kilio, na kama ni kicheko ni cha namna gani, maana kiko cha kumfukuza mtu na kiko kingine. Ninyi mlio na wake niandikieni, mniambie bega linasemaje. Rozari nimeitundika ukutani, kitabu cha Waingereza nimemrudishia Mgiriki, anafungia sabuni.

Nawaomba msinicheke. Na mkishindwa, chekeni kwa sauti kubwa, nisikie vizuri. Kunong'ona ndiko kulikoniponza.